Pango la Pweza Halitajwi

Mwaka uliofuata zile mvua za El Nino, pweza walipungua sana Msambweni, na ndipo alipokuja mtafiti. Alikuwa msichana wa bara, mpole, aliyewaamkia "shikamoo" hata watu wa rika lake. Tulimcheka mpaka tukampenda. Alitaka kujua mapango ya pweza yako wapi, ili sehemu moja ya mwamba ipumzishwe, mtu asivue wala kuokota kitu, pweza wazaliane. Kazi yangu ilikuwa kumwandikia majibu ya wanawake wenzangu.

Sasa, mwanamke wa kwetu atakwambia mpaka umri wake, lakini pango lake la pweza hakwambii ng'o. Pango hurithiwa, halitajwi. Basi kila aliyeulizwa alielekeza kidole kaskazini, kwenye mawe ambako hakuna pweza hata wa dawa. Shangazi yangu, aliyekuwa bingwa wetu sote, naye alielekeza huko huko bila kupepesa macho. Na mimi, Mungu anisamehe, niliandika.

Miezi ikapita. Mtafiti akatuita ufukweni, akatandaza ramani yake juu ya mkeka, akasema kwa furaha, "Mama zangu, kwa maneno yenu wenyewe, tupumzishe hapa kaskazini."

Lo! Kaskazini ndiko wajane watatu wa kijiji chetu walikookota chaza kila maji yakitoka, na hicho ndicho kilichokuwa kitoweo chao. Mmoja wao alishika kichwa. "Na sisi tule mchanga?" Watu wakatazama miguu yao. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Mtafiti akanigeukia, "Dada, kuna nini?" Nikasema hakuna kitu. Mjinga mimi!

Shangazi alijifunga leso, akaenda zake. Lakini asubuhi ya bamvua, maji yalipotoka mbali kabisa, alitugongea mlango, mimi na mtafiti aliyekuwa akilala kwangu.

"Njia ya mwongo ni fupi," alisema. "Haya, vaeni viatu."

Alitupeleka upande wa kusini wa mwamba, akisimama kila baada ya hatua chache: hapa, na hapa, na hapa. Mtafiti aliteleza kama ndama aliyezaliwa jana, shangazi akimshika mkono na kumtania. Pango la mwisho lilikuwa na pweza jike, amejikunja juu ya mayai yake. Shangazi hakumchokoza.

"Fungeni huku," alisema. "Wajane waachieni kwao."

Nilipandwa na hasira, wallahi. Miaka kumi na mbili nimevua naye, nimembebea kapu, na pango hili sijawahi kuliona!

"Shangazi, mgeni ndiye wa kuonyeshwa? Na mimi je?"

Alinitazama, akacheka kidogo, kisha kicheko kikamkatikia.

"Hili nilikuwa nakuwekea wewe, mwanangu. Siku miguu yangu ikikataa."

Nililia pale pale, maji yakinifika vifundoni, na sijui kama nimewahi kumpenda kuliko asubuhi ile. Mtafiti alikuwa ameshika ramani, hathubutu kuandika. Nikamwomba kalamu, nikaitia ramani alama mimi mwenyewe.