Programu Iliyodai Printa

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilifanya kazi katika maabara ndogo ya utafiti wa mimea, nje kidogo ya mji wa Kisii. Sampuli za migomba yenye ugonjwa zilikwenda kusomwa Nairobi, zikaturudia kwenye disketi kama mistari mirefu ya herufi za DNA. Programu ya kuzishughulikia niliiandika mimi. Ilisoma herufi, ikakata ncha zenye makosa, ikalinganisha zilizobaki na za kuvu tunaowajua, kisha ikachapa ripoti. Yote hayo katika faili moja, nami nilijivuna.

Siku moja mwenzetu aliyetafiti magonjwa ya chai kule Nyamira, mama aliyechukua nakala yangu, alinipigia simu.

"Bwana, mimi nataka kukata ncha tu. Mbona hii programu yako inasema printa haipo?"

"Washa printa."

"Hii ofisi haina printa!"

Nilifungua faili. Kweli, mstari wa kwanza ulitafuta printa. Ikikosekana, kila kitu kinasimama. Niliuweka mwenyewe, kwa sababu niliyokwisha kuisahau. Yeye aliufuta kwenye nakala yake, akaendelea na kazi. Tangu hapo tukawa na programu mbili.

Kisha herufi za jani moja la mgomba kutoka Marani zikapitishwa katika programu zote mbili, kwetu na kwake. Mkuu wetu, mzee mpole ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti, alinibwagia ripoti mbili mezani. Kila moja ilitaja kuvu wake: yetu yule anayelazimu migomba ing'olewe, ya Nyamira yule asiye na madhara makubwa.

"Mkulima nimwambie nini? Ang'oe au asing'oe?"

Nilisema kwa uhakika kwamba nakala ya Nyamira ilikuwa imepitwa na wakati, kwani yangu nilikuwa nimeirekebisha. Mkuu hakutaka maelezo. Aliniagiza niivunje programu iwe vipande, kila kimoja kiweze kutumika peke yake, na watu wote watumie kipande kile kile.

Nilidhani ni kazi ya siku mbili. Kila nilichong'oa kilikuja na mizizi ya kingine! Cha kukata ncha kilitaka tarehe ya ripoti. Cha kusoma kilitegemea folda iliyokuwa kwenye kompyuta yangu tu. Mara mbili nilipeleka disketi Nyamira, mara mbili ikagoma, na yule mama akanirudishia bila kucheka.

"Ikikataa hapa, hujamaliza."

Mara ya tatu kipande cha kukata kilifanya kazi. Akaingiza herufi za lile jani la Marani, tukatazama pamoja. Kilikuwa kikila herufi nzuri. Marekebisho yangu, yale niliyojigamba nayo, ndiyo yaliyokuwa na kosa. Ndani ya faili kubwa sikuwahi kuliona.

"Kwa hiyo ripoti yangu ndiyo sahihi," alisema.

"Ndiyo."

Nilirudi Kisii nikiwa nimekasirika, na sikuwa na mtu wa kumlaumu. Nilimweleza mkuu. Alivaa koti, akaenda Marani mwenyewe kumwambia mkulima asing'oe.