Mtu Asiyeutikisa Mti

Sina sababu ya kukudanganya. Nimezeeka, na uongo unataka nguvu ambazo sina tena. Haya yalinipata mimi mwenyewe, siku za Mjerumani, katika msitu ulio juu ya Usa River unapoelekea Momela. Wala haukuwa usiku. Ilikuwa alasiri, ila ukungu ulikuwa umeanza kushuka kutoka mlimani.

Tulikuwa watu wa kazi ya lazima, tumetolewa vijijini kumkatia mbao mlowezi mmoja wa Kijerumani. Kazi yangu ilikuwa kupanda. Mti haukuangushwa kabla mtu hajaupanda akapunguza matawi na kufunga kamba juu, ili uangukie upande unaotakiwa. Baba yangu alikuwa mtundika mizinga ya nyuki, naye ndiye aliyenifundisha kupanda pekupeku na kuusikiliza mti kwa nyayo. Mti mzima ukiukanyaga hujibu mara moja, mgumu. Uliooza ndani hukawia kidogo, halafu unasikia mtetemo hafifu kisiginoni. Na kama kuna mwenzako juu, kila anapohama tawi unampata miguuni. Niamini, ningeweza kukuambia ni mnene au mwembamba.

Siku hiyo nilikuwa nimepanda miti mitano tangu asubuhi. Mapaja yalikuwa yakitetemeka yenyewe. Nyapara akanionyesha mtarakwa mmoja mkubwa, akasema huo ndio wa mwisho. Kufika nusu, nyayo zikanipa habari: umeoza. Nikatulia, nikaukanyaga tena. Umeoza kabisa. Ndipo nilipoinua macho nikamwona mtu.

Alikuwa amekaa kwenye tawi juu yangu, miguu ikining'inia, kichwa amekiegemeza kwenye shina kama aliyeshindwa na usingizi. Nilidhani ni mtoro wa kazi, walikuwa wengi. Nikamuuliza kwa Kimeru amekaa hapo tangu lini. Alisema taratibu, "Njoo unipokee. Nimechoka. Huku juu mti ni mzima."

Kisha akainuka, akahamia tawi jingine. Niliona tawi likiinama. Niliona majani yakitikisika. Miguuni mwangu hakikuja kitu. Unanielewa? Mti ule ulikuwa umenibeba mimi peke yangu.

Sikumbuki nilivyoshuka, najua tu kwamba kifua kilichunika chote. Nikamwambia nyapara mti umeoza, haufai kupandwa. Habari za yule mtu sikuzitaja. Ningezisemaje? Angesema nimetunga hadithi ili nikwepe kazi. Hata hivyo hakuniamini. Alisema kilichooza ni moyo wangu, akaagiza nilazwe chini nipigwe kiboko.

Aliyeniokoa ni Lomayani. Alikuwa Mwarusha, mpandaji mwenzangu. Tulikula chungu kimoja na kulala kibanda kimoja. Alimwambia nyapara kwamba atapanda yeye, mimi niachwe. Wiki ile shoka lilikuwa limemkata unyayoni, kwa hiyo alipanda na viatu vya ngozi ya ng'ombe. Nyayo zake zisingesikia lolote. Nikamshika mkono nikamwambia ule mti ni mbovu.

"Nitakwenda polepole," akasema. "Wewe kaa kidogo, ndugu yangu. Umechoka."

Je, nilimwambia ni nani anamngoja kule juu? Sikumwambia. Niliketi. Nilikuwa nimechoka kweli, na kuketi kulikuwa kutamu.

Alipopita nusu ukungu ukamficha. Tulisikia panga lake likikata matawi, kisha likanyamaza. Halafu nikamsikia akizungumza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayemjibu jirani. Alisema, "Ngoja, nakuja nikushike mkono."

Shina likakatika chini ya miguu yake, akaanguka nalo.

Alikuwa amekwisha kufa tulipomfikia. Nilizunguka pale nikitafuta mtu wa pili chini ya matawi, hadi nyapara mwenyewe akanikalisha. Hakuwepo. Kesho yake shina lililobaki lilipokatwa, ndani lilikuwa tupu, mtu mzima angeweza kusimama humo.

Tangu siku ile nyayo zangu zimekufa. Nakanyaga mwiba, naujua nikiona damu. Walinijaribu tena kwenye miti, wakaona sifai, nikahamishiwa kuvuta magogo.

Nilipopewa ruhusa nilikwenda kwao Lomayani, magharibi ya mlima. Mama yake alinipa maziwa, akasubiri nimalize. Kisha akaniuliza mwanawe alisema nini mwisho wake. Nikamjibu, "Hakusema neno, mama." Alishukuru. Amekufa akiamini hivyo, na sasa sina wa kumrudia nikamweleze.

Basi wewe unayenisikiliza, siku ukiona jambo usiloweza kulieleza, lieleze hivyohivyo lilivyo, kabla mwenzako hajaenda mahali ulipotoka ukikimbia. Watakucheka, ndiyo. Pengine watakupiga. Kiboko huuma siku chache tu.