Maulidi Yalipoangukia Saba Saba

Nianze na ujinga wangu: mwaka ule Maulidi yalipoangukia Saba Saba, nilimchinja mbuzi kwa mkono wangu mwenyewe. Mtaani kwetu Kirumba, Mkristo mwenye akili zake hafanyi hivyo. Anamwita jirani Mwislamu amchinjie, ili mtaa mzima ule bila maswali. Mimi kila mwaka nilimwita fundi cherehani wa nyumba ya pili. Nililijua hilo kama ninavyoijua njia ya kwenda chooni.

Nimezaliwa Saba Saba. Nikiwa mdogo niliamini lile gwaride na zile bendera zote ni zangu. Baadaye siku ikageuka kuwa ya biashara, watu wakawa wanakwenda kwenye maonyesho kushangaa redio na themosi za kutoka nje. Mimi si mtu wa kutoka. Hata samaki wa soko la Mwaloni, pale pale pua inapofika, nilikuwa naagiza. Kwa hiyo nilizoea kuwaleta watu kwangu: mbuzi mmoja, ndizi za kupika, na mimi katikati, kwenye kiti chenye mto, napokea pongezi kama niliyejizaa.

Sasa mwaka ule, tangu asubuhi, uwanjani kwa fundi kulikuwa na turubai, dufu na masufuria ambayo mtoto angeweza kuogelea ndani yake. Harufu ya pilau iliingia kwangu bila kupiga hodi. Watu walewale wa kila mwaka walipita mlangoni wakinipungia mkono: "Baadaye, mzee, baadaye!" Nikaona wazi kwamba siku yangu imechukuliwa, na haitarudi.

Mke wangu alitoka huko akitabasamu. Hilo nalo likaniuma.

"Fundi amesema utulie. Maulidi yakiisha, anakuja kuchinja."

"Yaani mimi, siku yangu, ningoje?"

"Wenzio wanamsifu Mtume. Wewe unataka usifiwe kwa lipi? Kukaa?"

Nikachukua kisu. Sikuwahi kuchinja hata kuku, na yule mbuzi alilijua hilo. Tulizungushana uani mpaka tukabomoa kichanja cha vyombo. Nilipomaliza, nilikuwa nahema kuliko marehemu. Mke wangu alinitazama, akasema tu, "Haya," akaingia ndani kumenya ndizi.

Saa tisa nikasikia vicheko mlangoni. Fundi huyo, kanzu yake nyeupe, kisu mkononi kimefungwa gazeti. Nyuma yake turubai zima: wazee, akina mama, wenye mikeka, hata wale wa "baadaye".

"Nimewakataza kushiba," akasema. "Nimewaambia leo ni siku ya jirani vilevile, nyama tunakwenda kula kwake. Haya, yuko wapi mbuzi?"

Nilitamani kusema ametoroka. Lakini nyama ilikuwa inachemka nyuma yangu, kila mtu anaisikia.

"Nani kachinja?" akauliza, sauti imeshuka.

Mke wangu akanitangulia kujibu, kutoka jikoni:

"Wivu, shemeji. Wivu ndio umechinja."

Wazee wakaangaliana. Mmoja aliyekuwa ameshatandika mkeka akaanza kuukunja taratibu. Fundi akanitazama, akakitazama kisu chake, kisha akasema:

"Jirani, wivu haujui bismillahi. Sasa tule nini, sura yako?"