Vuli Baba Alipokaa Nyumbani

Mwezi wa kumi uliopita niliwapeleka wanangu kijijini kwetu Bodo kwa babu yao, likizo fupi ya shule. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na njia imejaa madimbwi, kwa hivyo kipande cha mwisho tulikwenda kwa miguu, viatu mkononi. Nilipoingia uani nikaona lile jiko la nje halipo. Makuti yalikuwa yameoza na nguzo zimeanguka, na pale palipokuwa na mafiga mtu alikuwa amekwisha kupanda kunde. Hakuna aliyeniambia, na sioni kwa nini mtu aniambie. Jiko la uani si jambo la kupigiana simu. Lakini nilisimama pale kidogo, wanangu wakinivuta nguo, nikaikumbuka vuli moja nilipokuwa darasa la pili.

Wajua vuli ya kwetu ilivyo. Haikai kama masika. Inakuja asubuhi kwa kishindo, inamwaga, inaondoka, na jua linatoka kana kwamba hapakutokea kitu. Majongoo hupanda ukutani. Jioni kumbikumbi hujaa kwenye taa, nasi tulikuwa tukiwakusanya ndani ya sufuria na kuwakaanga kwa chumvi. Kuni zinalowa. Nguo za shule hazikauki.

Mwaka ule mama alikuwa mjamzito. Miguu yake ilivimba hata ndara hazikumwingia, na alipokwenda hospitali Msambweni hawakumruhusu kurudi. Walisema presha imepanda, alale pale pale mpaka ajifungue. Nyumbani tukabaki mimi, ndugu yangu wa kiume ambaye hakuwa ameanza shule, dada yetu mdogo aliyekuwa bado akibebwa, na nyanya, mamake baba. Nyonga zilimuuma nyanya hata kuinuka kwake kulikuwa kazi, sembuse kubeba mtoto.

Baba alikuwa mpishi katika hoteli moja Diani. Sisi tulimjua kama mgeni. Alikuja mara moja kwa juma, akatuletea mkate, akalala mchana kutwa, kisha akarudi kazini. Tulijua anapika, kama unavyojua kwamba mtu fulani ni askari bila kumwona amekamata mtu. Jikoni kwetu hakuwahi kuingia ila kutafuta kiberiti.

Habari za mama zilipomfikia aliomba ruhusa. Ulikuwa ndio wakati wageni wanaanza kujaa, na mkubwa wake akamwambia aende akitaka, ila asitarajie kuikuta nafasi yake. Baba alifika jioni ile ile na begi lake lote. Nyanya alimuuliza atakaa hadi lini.

"Hadi mama watoto arudi."

Nyanya alimsogezea mbuzi ya kukunia nazi, akampa na nusu ya nazi.

Siku za mwanzo zilikuwa ngumu. Baba alizoea kupikia gesi, na sasa alikuwa na kuni mbichi na mafiga matatu. Alipuliza mpaka macho yakawa mekundu. Kitunguu alikikata upesi na kwa wembamba ambao sijauona tena kwa mtu yeyote, lakini alichokitoa hatukukijua. Alituletea viazi vilivyopondwa kwa maziwa. Alituletea boga lililosagwa likawa kama uji. Ndugu yangu alilitazama boga lile kwa muda, akauliza, "Sima iko wapi?" Baba akarudi jikoni akasonga sima. Ilikuwa na madonge. Tuliila.

Nyanya akawa anamwelekeza kutoka kwenye mkeka wake, barazani, bila kugeuza kichwa. Alijua kwa harufu. "Tui la pili limechemka sana," angesema, au, "Hiyo bamia umeikoroga, iache." Baba aliitikia, "Naam, mama," kama ninavyodhani alivyomwitikia mkubwa wake kule hotelini. Baada ya juma moja au mawili mchuzi wake wa kunde ukawa na ladha ya nyumbani, isipokuwa kulikuwa na kitu kidogo zaidi ndani yake, pilipili manga labda, na hicho kitu ndicho ninachokitafuta mpaka leo ninapopika.

Majirani walikuja kuchungulia. Walisingizia kuomba moto au kurudisha ungo. Walimkuta baba amejifunga leso ya mama kiunoni, dada yetu amelala mgongoni kwake, anapepeta mchele. Baadhi walikwenda kucheka kisimani. Nyanya alipopata habari hizo alisema, "Mwanamume akipikia wazungu ni fundi. Akipikia wanawe wanasema amerogwa."

Sare zetu baba alizikausha juu ya tenga lililofunika makaa, na kwa miezi ile nilikwenda shule nikinuka moshi. Mwalimu wangu alinihamishia karibu na dirisha. Sikuona vibaya. Kutoka pale niliuona mnazi ukiyumba na mawingu yakija.

Nywele ndizo zilimshinda baba. Jirani wa upande wa kisima alijitolea kunisuka kila mwisho wa juma, na baba akawa anakuja kukaa karibu na kutazama mikono yake.

"Shemeji, wataka kufungua saluni?" yule mama alimuuliza siku moja.

"Nataka usisumbuke," baba akasema.

Akaanza kunisuka mwenyewe. Mistari ilikwenda kombo na alivuta sana, lakini hakuchoka. Nilikaa kati ya magoti yake juu ya kigoda, nikisikia akihesabu nywele kwa sauti ya chini, tatu juu, tatu chini.

Ni siku moja ya kusuka hivyo, mchana, mvua imeanza kupiga, ndipo mwenye duka alipokuja mbio ameshika mwavuli. Simu ya kijiji ilikuwa moja, yake. Alimsalimia nyanya kwanza, kisha akamgeukia baba.

"Wamepiga kutoka Msambweni. Mkeo ameingizwa chumba cha upasuaji. Wanasema uende."

Nilitaka kuinuka. Baba alinikandamiza bega. "Kaa," alisema. "Nimalize mstari huu." Akaumaliza. Alifunga ncha mara mbili kwa sababu mara ya kwanza ilifunguka. Kisha akamkabidhi nyanya dada yetu mdogo, akaazima baiskeli ya mwenye duka, akaondoka katika mvua ile bila kubadilisha shati.

Nyanya alituambia tule. Tulikula. Yeye alikaa na tasbihi yake, akitazama njia, na dada yetu akamlalia pajani, maumivu ya nyonga yakiwa kama hayapo. Sikumbuki kuogopa. Nakumbuka kwamba chungu kilibaki motoni na hakuna aliyekiepua, harufu ya kuungua ikajaa uani, na nyanya, ambaye alijua kila kitu kwa harufu, hakusema neno.

Baba alirudi kesho yake kabla ya adhuhuri, matope hadi magotini. Alisimama mlangoni.

"Wako salama wote wawili," akasema. "Wa kiume. Mdogo sana, lakini analia."

Nyanya aliinamisha uso akalia. Baba aliingia jikoni, akakiona chungu kilichoungua, akakitoa nje kukisugua kwa mchanga. "Watoto wameshakula?" akauliza.

Mama alikaa hospitali mpaka mtoto akapata uzito. Alipofika nyumbani mvua zilikuwa zimekatika. Tulimlaki, tukamshika mikono, tukamtazama mtoto. Alipopumzika kidogo alikwenda jikoni, akarudisha upawa pale alipouweka siku zote, na kopo la chumvi, na mwiko. Baba alimtazama kutoka mlangoni, akamwachia, akatoka. Siku chache baadaye alikwenda kutafuta kazi, akaipata katika hoteli nyingine, na sisi tukarudi kumpokea mara moja kwa juma na mkate wake. Hakuna aliyelizungumza. Nilifurahi kwamba mama amerudi. Ilinichukua miaka kujua kwamba nilikuwa na huzuni pia, na ya nini.

Sasa nyanya na mama wametangulia mbele ya haki. Yule jirani alihamia kwa mwanawe Likoni. Ndugu yangu anasema anakumbuka moshi tu, na dada yetu hakumbuki chochote. Baba ameacha kazi, anaishi na kitinda mimba wetu, yule yule aliyezaliwa vuli ile, na mkewe.

Siku ile tulipokuwa tukila, niliwaambia wanangu kwamba zamani babu yao alikuwa akitupikia na kunisuka nywele. Kitinda mimba alicheka.

"Dada, usiwadanganye watoto. Baba huyu? Hata chai hajitilii."

Wanangu wakamtazama babu yao. Baba alitafuna taratibu.

"Hotelini nilipika," alisema. "Nyumbani, sikumbuki."

Sikubishana naye. Mtu akikataa jambo lake mwenyewe, shahidi ana lipi la kusema? Wifi yangu aliuliza kama mchuzi u sawa, sote tukasema u sawa. Haukuwa na chumvi ya kutosha. Nilimwona baba akionja, akatazama upande wa jikoni, kisha akaendelea kula.