Jeneza Lililotoka Bila Risiti

Watu wa mtaa wetu wa Mlandege wakimtaja Gwakisa siku hizi husema alikuwa mkwepa kodi. Wakilisema hilo mbele yangu naacha cherehani nawajibu, na majibu yangu si ya kanisani. Mtu huyu namjua tangu alipokuja Iringa kutoka Iyunga, kule Mbeya, akaajiriwa kwenye karakana ya mzee Ezron. Alipojitegemea, mlango wake ukatazamana na wangu. Yeye alitengeneza majeneza, mimi nilishona kitambaa cheupe cha ndani na mto wa kichwa. Ninayoyasema nimeyaona, sikuhadithiwa.

Kwa Ezron alilipwa kidogo na kusifiwa sana, na sifa hazinunui unga. Alipopata kazi ya madawati ya shule moja akaacha ajira, akakodi kiwanja, akajenga banda, akanunua randa ya umeme. Shule ilitaka risiti, basi akaenda kujiandikisha kwa watu wa kodi na kununua mashine ya kutolea risiti. Mkewe, Eveline, aliiletea kifuniko cha kitambaa ili vumbi la mbao lisiingie. Sijaona fundi aliyejivunia mashine kama yule. Ikitoa karatasi alikuwa akisimama wima, kama anasikiliza wimbo wa taifa.

Madawati yalikwisha, yakabaki majeneza. Kazi hiyo haina msimu.

Nyuma ya banda alikuwa ameweka mbao za mninga, ngumu na nzito, juu ya matofali, na hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa. Zilikuwa za baba yake, mzee Aroni, ambaye alikuwa hai kabisa kule Iyunga na ndiye aliyemfundisha useremala. Mzee alizichagua mwenyewe siku alipokuja kutusalimia. Alizigonga kwa kidole, akacheka, akasema kitanda chake cha mwisho kisitengenezwe na mtu mwingine, na Gwakisa akaahidi. Kwao Unyakyusa msiba si jambo la kufanya kwa mkono mmoja. Seremala akimzika baba yake kwenye mbao za hivi hivi, wazee wataitazama mikono yake.

Baba huyo huyo alimfundisha pia adabu ya kazi. Seremala wa majeneza hadai siku ya msiba. Wafiwa wanakuja, wanachukua, wanakwenda kuzika. Matanga yakishaanuliwa, mmoja wa ukoo anarudi na hela, na mara nyingi na kuku au debe la viazi juu yake. "Mfiwa hupewa pole, hapewi karatasi," ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo alivyotuambia sisi. Niliwahi kumuuliza kama watu hawamkimbii. Akasema, nani atamkimbia mtu aliyemlaza mama yake? Na kweli walilipa. Siku ya kulipa ndipo Gwakisa alipotoa risiti, akafunika mashine yake, akaona amemalizana na serikali na Mungu.

Kumbe sheria haiendi hivyo. Sheria inataka risiti itoke pamoja na mzigo, uwe umelipiwa au umekopwa. Sisi hatukujua, na hatukuuliza. Nani anakwenda ofisi ya kodi kuuliza swali wakati hajaitwa?

Kisha akaja mzee Sifaeli wa Kilolo, aliyefiwa na mkewe hospitalini mjini. Alikuja na pikapu asubuhi, akachukua jeneza, akashukuru, akaondoka na kofia mkononi. Kabla hawajautoka mji wakasimamishwa na watu wa kodi. Ofisa mmoja, dada anayeitwa Gloria, aliwapa pole kwanza, halafu akaomba risiti ya jeneza. Sifaeli akajibu kwamba hajapewa, atapewa akilipa. Yule dada hakumzuia. Alimwacha akazike, akaandika jina la fundi, na mchana akafika Mlandege.

Alikuwa na adabu, na ndiyo inayoniuma. Angekuwa mkali ningepata wa kumchukia. Alimweleza Gwakisa kosa lake taratibu, akamwambia afike ofisini kesho yake.

Alipoondoka nilivuka barabara. Nilimwambia asijifanye mwanasheria.

"Fundi, sema ulisahau. Jeneza moja, kosa moja, yaishe."

Alikuwa anapiga msasa, hakunitazama. "Mama Pendo, nikisema nilisahau nitakuwa nimemsahau yule marehemu. Sikusahau. Sisi ndivyo tunavyofanya."

Nilimwambia sikio la kufa halisikii dawa, na yeye kama mtu wa majeneza angepaswa kulijua hilo. Akacheka. Ni mara ya mwisho ninayokumbuka akicheka kwenye banda lile.

Ofisini alikwenda na Eveline, ambaye ndiye aliyenisimulia. Gwakisa aliamini kwamba wakijua hii ni mila na si wizi, wataelewa. Basi akaeleza yote. Akasema si jeneza la mama wa Kilolo tu. Ni yote, tangu afungue banda. Akawataja waliozikwa mmoja mmoja, huyu wa Ipogolo, yule wa Tosamaganga, na jinsi jamaa zao walivyorudi kulipa baada ya matanga. Hakuwa na haja ya kuangalia popote, wafu wake alikuwa nao kichwani. Yule dada Gloria akaacha kuandika. Akamuuliza, "Baba, unataka niandike hivyo?" Gwakisa akasema andika, ndiyo ukweli. Eveline akamkanyaga mguu chini ya meza, na yeye akausogeza mguu wake.

Msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Sawa. Lakini kwenye kaunta ile Mungu hakuwa zamu.

Faini ilipotoka haikuwa ya jeneza moja. Ilikuwa ya kila jeneza ambalo risiti yake ilichelewa, na yote yalichelewa, kwa kinywa chake mwenyewe. Hata ungeuza banda, randa na vyote vilivyokuwa ndani, usingeifikia. Mchungaji wetu alikwenda naye kumwombea. Walisikilizwa, wakapewa viti, wakaambiwa kwamba mila inaheshimiwa ila tarehe ni tarehe. Walichosaidiwa ni kulipa kidogo kidogo.

Kidogo kidogo humaliza mtu. Ikaondoka randa, ikaondoka misumeno, ukaondoka mlango wenyewe wa banda. Mnunuzi alikuwa Ezron, aliyelipa bei ya haki na hakumcheka, na hilo nalo lilimuumiza Gwakisa. Wateja wakapungua kwa sababu maneno yalikwishasambaa: ukichukua jeneza kwa Gwakisa utasimamishwa njiani ukiwa na maiti wako. Nikawa nashona sare za kwaya, mito ya kichwa haikutakiwa tena. Yeye akawa anakaa mlangoni mchana kutwa mikono imelala mapajani. Ukimsalimia anaitika, ila ukimuuliza atafanya nini anatikisa kichwa. Nilimkasirikia sana siku zile. Nilimkasirikia kwa ukweli wake, nikamkasirikia baba yake kwa mafundisho yake, halafu nikarudi ndani nikalia, maana nilikuwa nawapenda wote wawili.

Mbao za mninga aliziuza mwisho. Hakutaka kupatana bei. Aliwasaidia vijana wa Ezron kuzipakia, kila ubao akiushika kwa mikono miwili, na wa mwisho ulipopanda akaufuta vumbi kwa shati lake. Wiki iliyofuata akarudi kwa Ezron kuomba kazi yake ya zamani, akaipata, kwa mshahara ule ule wa zamani.

Simu ya Iyunga ilikuja wakati wa mvua. Mzee Aroni amefariki.

Gwakisa aliniambia kwa sauti ya mtu anayeagiza misumari. Mbao za mninga zilikwishakuwa milango ya nyumba ya mtu, hakuna wa kumlaumu. Ezron alimpa mbao za paina na akamwachia meza ya kazi siku nzima. Bei itakatwa kwenye mshahara. Alilitengeneza peke yake, hakuruhusu mtu amshikie hata ubao, na mimi nilishona kitambaa bila kupima mara mbili kwa sababu nilijua urefu wa mzee yule. Lilikuwa jeneza zuri. Lilikuwa jepesi mno.

Tulipolibeba hadi mlangoni, karani wa Ezron, kijana mmoja aitwaye Anord, akatuzuia kwa mkono. Tangu yaliyompata Gwakisa, pale hakitoki hata kigoda bila risiti. Mashine ikalia, karatasi ikatoka.

"Pole sana, fundi," Anord akasema. "Na risiti yako hii hapa."

Gwakisa aliipokea kwa mikono miwili, akainama kidogo kama alivyolelewa kupokea kitu. Akaikunja, akaiweka kwenye mfuko wa shati, upande wa kushoto.

Nilisafiri nao mpaka Iyunga. Njia nzima hakuna aliyetusimamisha. Makaburini wazee waligonga ule ubao wa paina kwa vidole, wakatazamana. Gwakisa hakulia. Alisimama mkono ukiwa kifuani, anagusa mfuko wa shati, anauachia, anaugusa tena, na wanawake walioketi karibu yangu wakasema masikini, moyo wake utapasuka. Sikuwasahihisha.

Tukiwa njiani kurudi Iringa, gari likiwa tupu, alikuwa bado ameshika kifua. Nilishindwa kuvumilia. Nilimwambia, "Gwakisa, itupe hiyo risiti sasa. Baba hayumo tena humu garini."

Aligeuka akaangalia nyuma ya gari, akaangalia muda mrefu, na ndipo alipoanza kulia.