Mzula wa Masele

Siku ya tatu ya msiba wanawake hufua. Masufuria yanasuguliwa, mashuka yanaanikwa, mfiwa anaachiwa nyumba safi. Selina, jirani wa Odeta pale Kirumba, alifua kwa moyo wote. Alizoa kila nguo aliyoiona chumbani, pamoja na shati la Masele lililotundikwa msumarini nyuma ya mlango. Odeta alipotoka uani akalikuta kwenye kamba, linachuruzika maji. Tangu siku hiyo hakumsemesha tena Selina, na Selina hakujua kosa lake.

Masele, mume wa Odeta, alizama upepo ulipopindua mtumbwi wa dagaa. Wenzake wawili waliokolewa wakiwa wameng'ang'ania ubao. Yeye ziwa halikumrudisha. Wiki mbili Odeta alishinda ufukweni akiangalia kila mtumbwi unaoingia, kisha akarudi kwenye meza yake ya dagaa katika soko la Mwaloni, maana mtoto wao, Queen, hashibi machozi.

Kitu pekee kilichobaki na harufu ya Masele ni mzula, ile kofia ya sufu aliyovaa ziwani kwa ajili ya baridi. Safari ile aliusahau chini ya godoro. Odeta aliutia kwenye kopo la maziwa ya unga, akabana kifuniko. Kila jioni alifungua, akanusa mara moja, akafunga upesi. Jasho, sigara, dagaa.

Alimwambia mtu mmoja tu: Winnie, mshauri wa zahanati, anayekaa na wafiwa kila Jumanne katika chumba cha nyuma chenye mabenchi mawili. Jumanne tatu Odeta alikaa pale akichomoa nyuzi za kitenge chake, na Winnie hakumharakisha. Ya nne ndipo alipolitaja shati lililofuliwa, kisha kopo.

"Najua utaniambia niutoe, dada."

"Sikwambii. Ila siku mzula ukitoka, utoke kwa mkono wako. Umeshaporwa mara moja."

Katika ukoo wa Masele, kule Sengerema, aliyemezwa na ziwa huzikwa kwa gogo la mgomba lililovikwa nguo yenye jasho lake. Iliyofuliwa haifai. Wanasema hapo umezika mgomba tu, mwenyewe bado anazunguka majini. Siku ya arobaini Odeta akapanda kivuko na shati mkobani, akiomba Mungu wakwe wasilikague. Kopo lilikuwa chini kabisa ya kikapu. Hakuweza kuliacha nyumbani. Selina naye alikuja. Hakuna aliyemwalika, alimbeba tu Queen mgongoni, akakaa benchi la nyuma.

Kaburi lilikuwa tayari. Luhende, kaka mkubwa wa marehemu, alipokea shati, akalikunjua, akalipeleka puani.

"Shemeji, hili linanukia sabuni."

Odeta akainama.

"Nililifua mimi, mzee," Selina akasema. "Sikujua. Kwetu hatuna hayo."

"Hukujua," shangazi mmoja akaguna. "Mikono haitulii kama miguu ya kuku. Umefua mashuka, umefua mapazia, ukaona umsuuze na mume wa mtu."

"Basi akizunguka huko majini tunajua wa kumuuliza," mwingine akadakia.

Selina alimshusha Queen, akabaki ameshika ncha za mbeleko kama mtu asiyejua aifunge au aikunje.

Siku thelathini na saba Odeta alikuwa akiisubiri saa ambayo Selina angejua alichokifanya. Sasa alijua, na moyo wa Odeta haukupoa hata kidogo. Akinyamaza, mzula ungebaki wake. Na Selina angerudi Kirumba na mtu wa ziwani mgongoni, maisha yake yote.

Odeta alipiga magoti, akapekua kikapu, akafungua kopo. Safari hii alinusa muda mrefu. Alipata dagaa, alipata bati. Jasho hakulipata vizuri. Hakujua kama limekwisha au ni pua iliyojaa machozi.

"Huu haujafuliwa," akasema, akamkabidhi Luhende.

Luhende aliunusa, akafumba macho. "Ni yeye," akasema. Akalivika gogo, polepole, kama anayemvika mtoto aliyelala.

Jioni, kwenye kivuko, Odeta alikwenda kukaa benchi la nyuma.

"Mama Queen, nisamehe," Selina akasema.

"Nilikuchukia."

"Nimejua leo."

"Bado nakuchukia kidogo."

"Sawa," Selina akasema, akamsogeza mtoto ili Odeta apate nafasi ya miguu.

Jumanne iliyofuata Odeta aliweka kopo tupu kwenye benchi la zahanati.

"Umeutoa mwenyewe?" Winnie akauliza.

"Kwa mkono wangu."

"Na unaendeleaje?"

Odeta alifikiri kidogo. "Ikifika jioni sina la kufanya, dada. Nakaa tu."

Winnie akahama benchi lake, akaja kukaa upande wa Odeta. Wakakaa.