Daraja la Kijiko

Kila asubuhi nilipofika kwake Silver Spring, mzee niliyemhudumia alinipangia nchi yake mezani. Chupa ya chai ilikuwa milima ya magharibi ya Bolivia, iliko serikali. Sinia lilikuwa tambarare za Santa Cruz alikozaliwa, gesi chini ya ardhi, soya na ng'ombe juu yake. Kijiko kilikuwa daraja la mto mkubwa, njia pekee ya kutoka mji wao mdogo kwenda jijini.

Mimi ni mzee wa kanisa kutoka Bonde la Ufa. Tangu binti yangu aniite huku ughaibuni nimekuwa nikihudumia wazee, na ninamshukuru Mungu kwa kazi hiyo. Mzee huyo alinizidi miaka kumi na miwili, lakini tuliitana Mzee sote wawili, kwa Kiingereza chetu cha kuokoteza. Binti yake alitutania kwamba nyumba ina wazee wawili na hakuna wa kuosha vyombo.

Siasa za kwao alinieleza bila kuchoka. Watu wa tambarare husema utajiri ni mali yao na milima ndiyo inayoula. Wa milimani husema gesi ni ya nchi nzima, na wale waliohamia chini kulima wamechoka kuitwa wageni. Anayetaka kusikilizwa hufunga barabara. Nilimwambia hata kwetu nimeona mawe barabarani, na majirani wakiulizana walikotoka. Alitikisa kichwa, akanimiminia chai kutoka milimani.

Wiki moja vijana wa upande wake walilifunga daraja, wakidai jimbo lijiamulie mambo yake. Mdogo wake, mgonjwa wa figo, alitakiwa avuke kwenda kusafishwa damu kwa mashine. Alikuwa ameshakosa mara mbili. Asubuhi moja shemeji yake, mke wa huyo mdogo, alipiga simu kwamba mgonjwa yuko ndani ya gari, mbele ya magogo, miguu imevimba.

Kiongozi wa vijana hao alikuwa mtoto wa ubatizo wa mzee wangu. Hapo ndipo niliposema neno ninalolijuta. Kwetu mzee akinena, vijana husogea, na sikufikiri kwamba kwingine huenda isiwe hivyo.

"Mpigie, Mzee," nikamwambia. "Wewe hawezi kukukatalia."

Alisita. Nilidhani ni kiburi, nikamtia simu mkononi.

Walizungumza Kihispania. Mzee alisema machache, kisha akasikiliza kwa muda mrefu. Sauti ya kijana ilikuwa ya upole, hiyo niliisikia. Alipoiweka simu nikamuuliza amejibiwa nini.

"Ameniita baba. Ameuliza kama nimesahau." Alikigusa kijiko. "Mara ya kwanza daraja hili kufungwa, nililifunga mimi. Alikuwa mtoto, akanisikia nikiwaambia wenzangu kwamba ukimfungulia mgonjwa mmoja, kesho kila gari litakuwa na mgonjwa."

Akaongeza, "Siku ile alikuwepo mama wa milimani, mjamzito. Tulimrudisha."

Aliniomba nisali. Nimeongoza sala hospitalini na makaburini, lakini pale sikujua nianzie wapi. Nilimwomba Mungu ailainishe mioyo ya wale waliofunga njia, nikasikia kwamba ninamsema Mzee mwenyewe. Basi nikageukia Baba Yetu, mimi kwa Kiswahili, yeye kwa Kihispania. Tulipofika penye kusamehewa alinyamaza. Nikamalizia peke yangu.

Kabla ya adhuhuri shemeji yake alipiga tena simu. Gari lilikuwa limegeuza bila kuvuka.

Nimefundishwa kushukuru kwa kila jambo. Nilishukuru kwamba mgonjwa bado anapumua. Nilitafuta la pili, sikulipata.

Jioni binti yake alisoma daftari langu la huduma kama kawaida: amekula kidogo, amemeza dawa, presha iko sawa. Hapakuwa na mstari wa kuandika mengine. Vyombo vyote nilikuwa nimeviosha isipokuwa kijiko. Mzee alikuwa bado amekishika.